Kabla ya Kulipia Tiba ya Mguu

Wayo mmoja wa binadamu pamoja na kifundo chake una mifupa 26 iliyofungwa pamoja kwa kano nyingi, na uzito wote wa mwili hupita humo kwa kila hatua. Si ajabu basi kwamba ni mahali panapouma mara kwa mara. Ajabu imo katika namna tunavyogharimia maumivu hayo. Mtu hununua krimu tatu kwa fangasi mmoja, huagiza soli za bei kubwa kwa kisigino ambacho kingetulia kwa mazoezi, kisha kidonda kisichouma, ambacho ndicho cha kuogopwa, hukifunga kitambaa na kwenda zake kazini. Katika makala haya tunaeleza matatizo ya miguu yanayowapata watu wengi, tiba zinazojulikana kuyafaa, na mahali ambapo fedha ya mlaji hupotea.

Tuanze na anayetibu. Katika nchi kama Uingereza na Marekani ipo taaluma kamili ya tiba ya nyayo, iitwayo podiatria. Hapa Tanzania wenye taaluma hiyo ni wachache sana, na kazi yao imegawanywa baina ya daktari wa mifupa, daktari wa ngozi, mtaalamu wa fiziotherapia, kliniki ya kisukari, na wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi, ambao hufundishwa katika chuo cha TATCOT kilichopo Moshi. Kwa hiyo mlaji akiona bango la “daktari wa miguu” aulize mhusika amesomea nini na amesajiliwa na baraza gani. Madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Aliyesajiliwa hana sababu ya kukasirika akiulizwa.

Kisigino kinachouma asubuhi

Dalili yake haifichiki. Mtu huamka, hukanyaga sakafu, na hatua za kwanza humchoma kisiginoni kana kwamba amekanyaga msumari. Akitembeatembea maumivu hupungua, kisha jioni hurudi. Aghalabu chanzo ni utando mgumu uliotandaa chini ya unyayo, kutoka kisiginoni hadi kwenye vidole, ambao umechoshwa na kusimama kwa saa nyingi, uzito wa mwili, au viatu vyenye soli nyembamba.

Tiba yake kuu ni ya bei ndogo na ya polepole: kunyoosha misuli ya shavu la mguu na unyayo kila siku, kuvaa kiatu chenye soli laini na kisigino kilichoinuka kidogo, kuacha kutembea peku kwenye sakafu ngumu, na kupunguza uzito kwa mwenye kuhitaji. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila kupasuliwa. Tunafahamu kuwa mwaka ni mrefu kwa anayeuza dukani akiwa amesimama kutwa, na ni katika subira hiyo ndipo wauzaji humpata. Huonyeshwa picha ya eksirei yenye “mwiba” wa mfupa chini ya kisigino na kuambiwa kuwa lazima uondolewe. Mwiba huo huonekana pia kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote. Peke yake si sababu ya kulipia upasuaji. Soli za kutengenezwa kwa kipimo cha mguu nazo, kwa tatizo hili hasa, hazikuonyesha katika majaribio tofauti kubwa na zile za kawaida zinazouzwa tayari. Anza na za bei nafuu. Sindano ya steroidi huweza kutuliza kwa wiki kadhaa, lakini ikirudiwarudiwa inaweza kuudhoofisha utando wenyewe hata ukakatika.

Yapo maumivu ya kisigino yasiyohusiana na haya. Aliyeanguka kutoka mnazini au juu ya jengo akatua kwa visigino apelekwe hospitali hata kama anajikongoja, kwani mfupa wa kisigino hupasuka kwa anguko la namna hiyo. Na aliyesikia mlio nyuma ya kifundo wakati wa kukimbia, mithili ya kupigwa teke, kisha akashindwa kusimama kwa ncha za vidole, huenda amekatika kano kuu; naye asingoje.

Kifundo kilichoteguka

Mguu ukipinda kwa ndani, kano za upande wa nje wa kifundo huvutika au kuchanika. Swali la kwanza ni iwapo mfupa umevunjika, na jibu halihitaji eksirei kila mara. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walichapisha kanuni ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi. Kwa ufupi, picha inahitajika ikiwa majeruhi hakuweza kupiga hatua nne, si pale alipoumia wala anapopimwa, au ikiwa anaumia sana mfupa wa kifundo unapobonyezwa kwenye ncha yake au ukingo wake wa nyuma. Mhudumu pia hubonyeza mifupa ya katikati ya wayo. Asipoona dalili hizo kwa mtu mzima, aghalabu anaweza kumwepushia gharama ya picha. Kanuni hiyo isitumiwe kwa mtoto mdogo, wala kwa mtu ambaye miguu yake ina ganzi.

Siku mbili tatu za mwanzo zinataka mapumziko, barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 kila mara, bendeji ya kuvutika na mguu kuinuliwa. Kukandwa kwa maji ya moto na kuvutwa kwa nguvu na mwunga viungo siku hiyohiyo huzidisha uvimbe, na ikiwa mfupa umevunjika huharibu zaidi. Hatusemi hayo kwa kuwadharau wazee wetu wenye ujuzi huo; tunasema kwa sababu mkono peke yake hauoni ufa. Baada ya hapo mguu usiachwe ukalala. Mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, kwa wiki kadhaa, hukifundisha kifundo kujizuia tena, na anayeyapuuza ndiye anayeteguka kila msimu wa mpira.

Kucha, magaga na fangasi

Ukucha unaozama nyamani hutokana zaidi na kukatwa mviringo na viatu vinavyobana. Ukate sawa, usichimbe pembe. Ukishatunga usaha mara kwa mara, daktari hutia ganzi kidoleni, huondoa ukanda mwembamba wa ukucha na kupaka fenoli kwenye mzizi ili upande huo usiote tena. Kazi hiyo haihitaji kulazwa. Kuung’oa ukucha wote bila kugusa mzizi ni kulipia tatizo lirudi.

Magaga na sugu hulainishwa kwa kuloweka, kusugua kwa jiwe na kupaka mafuta mazito ya mgando kila usiku. Vijana wanaopita mitaani na vikapu vya kutengeneza kucha hufanya kazi safi wengi wao, lakini wembe uliokata unyayo wa jirani unaweza kubeba homa ya ini. Nunua wembe mpya, au mwambie asikate.

Fangasi wa katikati ya vidole hupona kwa krimu ya kawaida ya fangasi, mradi ipakwe kwa muda wote ulioelekezwa na miguu ikaushwe vizuri. Tunatahadharisha kuhusu krimu za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani ya bomba moja. Muwasho hukoma haraka, mnunuzi hufurahi, lakini fangasi huendelea kuenea chini kwa chini. Soma orodha ya viambato kabla ya kulipa. Kwa ukucha mnene wa njano, omba kipande kipimwe maabara kwanza, maana si kila ukucha wa namna hiyo una fangasi. Vidonge vyake humezwa kwa takriban miezi mitatu na huenda daktari akataka ini lipimwe. Hata dawa ikifaulu, ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kuota upya. Anayeahidi ukucha mpya kwa wiki mbili anauza maneno.

Mguu usiouma

Tuliyoyaeleza hadi hapa mengi yanaweza kungoja wiki moja. Mguu wa mwenye kisukari hauwezi. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, na mara nyingi hupunguza pia damu inayofika huko. Mtu hukanyaga kipande cha chupa asijue, hutembea na kokoto ndani ya kiatu tangu asubuhi, huchomwa na maji ya moto bila kushtuka. Waswahili husema panya hung’ata akipuliza. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari waliong’atwa miguuni na panya usiku wakiwa wamelala, bila kuhisi meno. Hao panya hawakuhitaji kupuliza.

Kwa sababu hiyo tunamsihi kila mwenye kisukari aikague miguu yake kila jioni, juu, chini na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo au amwombe mtoto wake. Akung’ute viatu kabla ya kuvaa. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko. Asitembee peku hata ndani ya nyumba, na usiku achomekee chandarua chini ya godoro. Viatu avinunue jioni, miguu ikiwa imetanuka, avijaribu akiwa amesimama, na iwepo nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Hata vya mitumba vinafaa, ikiwa soli haikupinda kwa mwendo wa mwenyewe wa kwanza na ndani hamna mshono wa kukwaruza. Dawa za kuyeyusha sugu zenye asidi, zinazouzwa bila cheti cha daktari, si zake.

Akiona kidonda, lengelenge, ngozi iliyobadilika kuwa nyeusi, au mguu mmoja uliovimba na kuwa na joto kuliko mwenzake hata bila jeraha, aende hospitali siku hiyohiyo. Kukosa maumivu kusimpe moyo. Pamoja na kusafisha kidonda na kutoa dawa ya bakteria panapohitajika, tiba ni kukiondolea kidonda uzito, kwa plasta maalumu au kiatu cha kuazima, kwani kidonda kinachokanyagwa kila siku hakifungi kwa dawa yoyote.

Kliniki inayomhudumia mwenye kisukari inapaswa kumvua viatu na kupima hisia za nyayo angalau mara moja kwa mwaka. Kipimo chenyewe ni uzi wa nailoni unaobonyezwa unyayoni kwa nguvu ya gramu 10 huku mgonjwa amefumba macho, na huchukua dakika chache tu. Ikiwa mwaka umepita na hakuna aliyeitazama miguu yako, vua viatu mwenyewe mbele ya daktari, umwombe apime. Na ukitengenezewa viatu au soli maalumu, dai stakabadhi na uulize kabla ya kulipa kama gharama hiyo inajumuisha marekebisho: vae saa moja au mbili siku ya kwanza, kagua ngozi, na vikiacha alama isiyofutika, virudishe kwa aliyevitengeneza.