Jinsi atomi huizuia leza isipotoke

MWANGAZA wa leza husifiwa kwa usafi wa rangi yake. Hata hivyo, leza ndogo za diodi, zilizo jamii moja na zile zinazosoma sahani za muziki, hazitulii. Joto likipanda au kushuka kwa digrii moja tu, masafa ya mwangaza wake, yaani idadi ya mawimbi yapitayo kila sekunde, huhama kwa mabilioni.

Kwa mpenzi wa muziki, hilo si neno. Kwa mwanasayansi anayetumia leza kupoza atomi za rubidiamu, ni balaa. Atomi hizo huafikiana na mwangaza wa nanomita 780, ambao hutikisika takriban mara trilioni 384 kwa sekunde, na nafasi zinayoiachia leza ni mitikisiko milioni 6 hivi. Leza ikipotoka zaidi ya hapo, atomi huipuuza na kazi yote huharibika.

Dawa yake ni kuifanya atomi yenyewe kuwa mwamuzi, kwa kuwa atomi za aina moja hazitofautiani popote duniani, wala hazichakai. Sehemu ndogo ya mwangaza hupitishwa katika chupa ya kioo yenye mvuke wa rubidiamu. Masafa yakilingana na ya atomi, mwangaza humezwa, nacho chombo cha kupimia kilicho upande wa pili hutambua upungufu huo.

Kikwazo ni kwamba atomi za mvuke hukimbia huku na huko kwa mamia ya mita kwa sekunde. Honi ya matatu husikika nyembamba linapokuja na nzito linapokwenda zake. Vivyo hivyo, mwangaza hubadilika mbele ya atomi ikimbiayo. Basi alama iliyostahili kuwa nyembamba hutanuka makumi ya mara.

Ili kuepuka hilo, miale miwili ya leza ile ile, mmoja wa nguvu na mwingine hafifu, huelekezwa pande zinazokabiliana. Masafa yakiwa barabara, yote miwili huzikuta atomi zile zile zisizosogea upande wowote kati ya hizo. Kwa kuwa zimeshughulishwa na mwale wa nguvu, ule hafifu hupenya, na kilele chembamba hutokea.

Hatimaye masafa hutikiswa kidogo makusudi. Ikiwa leza iko kileleni, mwangaza hupungua sawa pande zote mbili. Ikiwa imehama, upande mmoja huzidi, na mtambo hujua uielekeze wapi kwa kurekebisha mkondo wa umeme.

Miongoni mwa walioikuza mbinu hii mapema miaka ya 1970 ni Theodor Hänsch na Arthur Schawlow wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Schawlow alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1981, naye Hänsch mwaka 2005.

Tangu 1983, mita ni umbali ambao mwangaza husafiri katika ombwe kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Maabara za vipimo huupata urefu huo kwa leza zilizodhibitiwa kwa njia kama hii, aghalabu kwa mvuke wa iodini.