"Huenda" Si "Inaelekea"

Mara kwa mara hutufikia taarifa za ofisi zilizofasiriwa kutoka Kiingereza, na mara kwa mara tunakuta kivumishi "likely" kimegeuzwa kuwa "huenda". Hatuwalaumu wafasiri, maana neno ni jepesi kalamuni. Lakini kwa watu wa visiwani, ambao safari zao baina ya Unguja na Pemba hutegemea neno la mtabiri wa hali ya bahari, jambo hili si mjadala wa wasomi peke yao.

Kwa Mwingereza, jambo lililo "possible" laweza kutokea, basi, hata kama nafasi yake ni moja katika mia. Lililo "likely" lina nafasi kubwa ya kutokea kuliko ya kutotokea. Jopo la Umoja wa Mataifa linalochunguza mabadiliko ya tabianchi limeliwekea neno hilo kipimo: katika ripoti zake "likely" ni uwezekano wa asilimia 66 au zaidi. (Mwingereza huyo huyo, akisimuliwa asiloliamini, husema kwa kejeli "a likely story". Mfasiri na ajihadhari.)

"Huenda" yetu haina sakafu wala dari. Huenda mvua ikanyesha, huenda mgeni akaja, huenda bwana mkubwa akajibu barua. Nahodha aliyeko Mkoani akiambiwa kwamba huenda kusi ikavuma kwa nguvu, ameambiwa alilolijua tangu utotoni. Hakuambiwa kwamba katika siku tatu kama hiyo, mbili bahari itachafuka. Basi hutweka tanga. Hatudai kwamba neno ndilo lililoizamisha MV Skagit karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi. Ila tangu siku ile hakuna nyumba ya visiwani inayosikiliza utabiri kwa sikio moja.

Lugha yetu si maskini. "Huenda" na ibaki kwa "possible", na "likely" ipewe "inaelekea", neno ambalo mtu wa kawaida halitamki mpaka ameona dalili. "Yumkini" tungeliweka kando katika maonyo, kwa kuwa mmoja hulisikia kama "labda" na mwingine kama "bila shaka".

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imekwisha kuonyesha njia. Katika maonyo yake huandika uwezekano wa kutokea kuwa mdogo, wa wastani au mkubwa, na kiwango cha athari hukiandika mbali. Kipimo hicho hupotea njiani, pale karani, au mwandishi wetu wenyewe, anapofupisha taarifa na kurudia "huenda" ile ile. Kwa upande wetu tutakichapa kama kilivyotolewa, na tunaziomba ofisi zinazotuletea taarifa zisikifute kabla hakijatufikia.