Kiptum na wale kumi na wanane wa Siloamu

Jumatatu ya tarehe 12 Februari 2024 hapa Mbamba Bay tuliamka na misiba miwili redioni. Wa kwanza tulikuwa nao tangu Jumamosi: Waziri Mkuu wa zamani, Edward Lowassa, alikuwa amefariki dunia akiwa na umri wa miaka 70, na taifa lilikuwa katika maombolezo. Wa pili ulitoka kwa majirani zetu wa Kenya. Kelvin Kiptum, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanaume, alikuwa amekufa usiku wa Jumapili kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 24.

Asubuhi hiyo nilikuwa ufukweni, pale akina mama wanapowasubiri wavuvi wa usipa. Habari ya Lowassa wazee waliizungumza kwa utulivu, kama watu wanaomsindikiza mzee mwenzao. Habari ya Kiptum haikuwapa utulivu huo. Kila aliyefungua mdomo alikuwa na maelezo. Mmoja alisema ni husuda, rekodi kubwa namna ile lazima iwe na maadui. Mwingine akasema siku zake zilikuwa zimeandikwa. Wa tatu, mama ninayemheshimu sana katika jumuiya yetu, akafunga mjadala kwa maneno tunayoyasikia katika kila msiba: sisi tulimpenda, Mungu kampenda zaidi.

Sikumjibu. Nitakueleza baadaye kwa nini nilishindwa.

Kwanza tumtazame kijana mwenyewe, maana mara nyingi tunamwacha marehemu nyuma tunapokimbilia kutafuta maana ya kifo chake. Kiptum alikulia kijiji cha Chepsamo, kaunti ya Elgeyo Marakwet, nchi ya miinuko na baridi kama ile ya ndugu zetu Wamatengo kule juu Mbinga. Alikuwa mtoto pekee wa wazazi wake. Akiwa mdogo, akichunga mifugo, aliwaona wakimbiaji wakifanya mazoezi karibu na kwao, akaanza kuwafuata bila viatu. Mmoja wa wakimbiaji hao alikuwa Mnyarwanda, Gervais Hakizimana, ambaye miaka ya baadaye ndiye aliyekuja kuwa kocha wake.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Ukitaka kuielewa, chukua barabara ya kutoka hapa kwetu hadi Mbinga mjini, kisha ukate kama theluthi mbili yake. Kiptum alikimbia marathoni tatu tu maishani mwake, akashinda zote. Ya kwanza ilikuwa Valencia, Hispania, Desemba 2022, kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 53. Watanzania tuna sababu ya kuikumbuka siku hiyo, kwa sababu aliyefika wa pili nyuma yake alikuwa Gabriel Geay wetu. Ya pili ilikuwa London, Aprili 2023. Ya tatu, Chicago, tarehe 8 Oktoba 2023, alimaliza kwa saa 2 na sekunde 35, akaipunguza rekodi ya Eliud Kipchoge kwa sekunde 34. Kilichowashangaza wajuzi wa mchezo huu ni kwamba nusu ya pili ya safari aliikimbia kwa kasi kuliko ya kwanza. Pale wenzake walipoanza kuchoka, yeye ndipo alipoanza.

Tarehe 6 Februari 2024 shirikisho la riadha la dunia likaithibitisha rasmi rekodi ile. Mwezi Aprili alitarajiwa kukimbia Rotterdam, na watu walikuwa wakisema huenda huko akashuka chini ya saa mbili. Siku tano baada ya rekodi kuthibitishwa, karibu saa 5 usiku, gari alilokuwa akiliendesha mwenyewe liliacha njia huko Kaptagat, likaingia mtaroni na kugonga mti. Kiptum na kocha wake walifia pale pale. Abiria wa tatu, mwanamke, alijeruhiwa akapona. Madaktari walioupima mwili walitaja majeraha makubwa ya kichwani. Kijana aliacha mke na watoto wawili wadogo.

Jumatano iliyofuata ilikuwa Jumatano ya Majivu. Kiptum alikuwa bado hajazikwa. Mazishi yalifanyika Naiberi tarehe 23, Rais William Ruto akiwepo, na katika siku hizo za kusubiri serikali iliijengea familia nyumba kwa muda wa kama wiki moja. Silaumu, nyumba ni nyumba. Nilijiuliza tu kwa nini haraka yetu sisi binadamu hupenda kuja pamoja na jeneza.

Sasa turudi kwenye yale maelezo ya ufukweni. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, watu wanamjia Yesu na habari ya msiba. Pilato amewaua Wagalilaya waliokuwa wakitoa dhabihu zao. Unaweza kusikia wanachokitaka wasimuliaji: aseme marehemu wale walikosa nini. Yesu hawapi. Badala yake anauongeza msiba mwingine yeye mwenyewe, wa watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Anawauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na anajijibu kwamba sivyo. Kisha anawageuzia uso wao wenyewe: ninyi mliosimama hapa mkihesabu dhambi za maiti, tubuni.

Luka hatuambii mnara ule uliangukaje. Hatuambii majina ya wale kumi na wanane, wala umri wao, ingawa sioni sababu ya kudhani kwamba hakukuwa na kijana kati yao. Ninachokiona ni kwamba Bwana wetu, ambaye angeweza kueleza kuliko sisi sote, alikataa kuwageuza marehemu kuwa somo la kuwahukumu. Husuda, mkosi, laana ya ukoo, dhambi ya siri: yote haya yanaanguka mbele ya jibu lake moja fupi.

Lakini kuna maelezo mengine ambayo hayaangushwi kirahisi, kwa sababu yamevaa nguo za ibada. Hapa ndipo linapoingia kosa langu.

Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja cha mwambao wetu, tulimzika kijana aliyekuwa mlinda mlango wa timu ya kijiji. Hakulipwa mshahara wala hakuna gazeti lililomwandika. Alikuwa akirudi kutoka kwenye mechi, amepakiwa kwenye bodaboda, wakashuka mlima kwa kasi, kona ikawashinda. Mimi ni mwalimu wa dini, nikaombwa niseme neno. Nikasema lile lile. Nilimgeukia mama yake, mbele ya watu wote, nikamwambia Mungu amempenda zaidi.

Mama yule aliinua kichwa. "Mwalimu," akasema, "kwa hiyo mimi sikumpenda vya kutosha?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilikuwa nimemfanya Mungu kuwa mshindani wake, tena mshindani mwenye nguvu aliyeshinda kwa kumnyang'anya mtoto. Nilipofika nyumbani nikatafuta maneno yale katika Maandiko ili nijitetee, nisiyaone. Nilichokikuta ni Yesu akilia kaburini kwa Lazaro, akijua kabisa anachokwenda kufanya dakika chache baadaye. Nikamkuta pia langoni mwa mji wa Naini, akikutana na jeneza la kijana ambaye alikuwa mwana pekee wa mama mjane. Luka anasema alimhurumia. Hakumpa yule mama sababu hata moja.

Najua utaniambia kwamba pale Naini kijana aliamka, na Kaptagat hakuamka mtu. Ni kweli, na sitakudanganya kwamba ninalo la kuliziba pengo hilo. Tunaungama ufufuo wa wafu kila Jumapili, na mimi naungama kwa moyo wangu wote, lakini imani hiyo haikumzuia mzazi wa Chepsamo kulala katika nyumba isiyo na mwanawe. Anayeamini naye hulia.

Turudi Luka 13, kwa sababu Yesu hakuishia kwenye mnara. Papo hapo anasimulia habari ya mtini ambao kwa miaka mitatu haukuzaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, auchimbie pembeni na kuutia samadi. Nadhani mkulima wa kahawa wa Mbinga anayaelewa mazungumzo haya kuliko sisi tuliosoma vitabu. Mti wa kahawa uliochoka haung'olewi siku hiyo hiyo. Unapunguzwa matawi, unawekewa samadi, unasubiriwa. Mwaka ule mmoja wa nyongeza ndio sisi tulio hai tulio nao, na toba ambayo Yesu anaitaka ina jembe mkononi.

Basi tuulizane. Lami ya kutoka Mbinga imetuletea neema, mgonjwa anafika hospitali akiwa hai, samaki wanafika sokoni wakiwa wazima. Lakini barabara ile inateremka kutoka milimani kwa kona kali, na vijana wetu wa bodaboda wanaipita usiku na abiria wawili nyuma, kofia ngumu ikining'inia kwenye usukani. Timu zetu zinakwenda mechi zimesimama nyuma ya lori, zinaimba. Upepo wa mwera unapovuma ziwani, mitumbwi inatoka bila jaketi hata moja la kujiokolea. Kisha mnara ukianguka tunasema ni mapenzi ya Mungu. Kanisani tunatangaza michango ya ujenzi, tunatangaza ndoa, tunatangaza mbuzi aliyepotea. Sijawahi kusikia kofia ya bodaboda ikitangazwa, hata siku nilizosoma matangazo mimi.

Juzi nilikwenda tena kwa yule mama. Ilinichukua muda mrefu kupata ujasiri. Nilimkuta uani akianika usipa, akanikaribisha kigoda. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa maneno niliyoyasema siku ya mazishi. Akaendelea kutandaza samaki kwa muda, kisha akanawa mikono, akaingia ndani. Akatoka na glavu za mwanawe, zimepasuka kwenye kidole gumba.

"Mwalimu, ile siku alipopangua penalti mbili, ulikuwepo?"

Nikasema nilikuwepo.

"Mimi nilikuwa sokoni," akasema, akaketi. "Nisimulie."