Sura ya Nne: Jiwe Lilipoa kwa Muda Gani?

Weka mezani mawe mawili. La kwanza limetoka kwenye vilima vya Mwanza: graniti ya madoadoa ya kijivu, meupe na meusi, chembe zake zikionekana bila lenzi. La pili limeokotwa karibu na Ziwa Naivasha: obsidiani nyeusi tii, laini, isiyo na chembe ya kuonekana. Ukiyatazama tu utasema hayana undugu. Maabara ikiyapima itakuta yote mawili yamejaa silika na viambato vyake vinakaribiana. Kilichoyatenganisha hasa ni kasi ya kupoa.

Yote ni miamba ya moto, yaani yametokana na magma, mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi. Ukubwa wa chembe zake, sura zake na jinsi zilivyoshikana ndivyo vinavyoitwa umbile la mwamba.

Ndani ya magma atomu huhangaika huku na huko. Joto likishuka, baadhi hushikana kwa mpangilio na kuwa kiini cha fuwele, kisha nyingine hujipanga juu yake safu kwa safu. Magma ikipoa polepole, viini huwa vichache na atomu hupata muda wa kuvifikia, hivyo fuwele hunenepa. Ikipoa haraka, viini huzuka mahali pengi kwa mpigo, kila kimoja kikaambulia kidogo. Ikipoa haraka zaidi, atomu huganda pale pale zilipo kabla ya kujipanga, na hapo hupatikana kioo.

Mwishoni mwa karne ya 18 asili ya miamba hii ilikuwa na ubishi mkali. Wafuasi wa Abraham Werner wa Ujerumani walifundisha kwamba graniti na basalti zilitokana na maji ya bahari ya kale. James Hutton wa Edinburgh alishikilia kuwa ni kazi ya moto. Wapinzani wakamuuliza: kitu kilichoyeyuka kikipoa huwa kioo, mbona graniti si kioo? Rafiki yake, James Hall, alipata fununu kutoka kiwanda cha vioo cha Leith, ambako kioo kilichoachwa kipoe polepole kilipoteza ung'avu wake kikawa na fuwele. Hall akayeyusha basalti tanuruni. Alipoipoza ghafla alipata kioo; alipoiyeyusha tena na kuipoza taratibu, alipata jiwe. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1798, Hutton akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia.

Sasa isogeze graniti ya Mwanza karibu na jicho. Baadhi ya chembe za madini ya feldispari zina kingo zilizonyooka. Mika nyeusi inang'aa kwa vipande bapa. Kwatsi ya kijivu haina umbo lake yenyewe. Imejipenyeza popote palipobaki, kwa kuwa iliganda mwishoni ikakuta wenzake wameshachukua nafasi. Chembe za ukubwa huo zilikua kilomita kadhaa chini ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, zikiwa zimefunikwa na mawe yaliyozuia joto lisitoke. Leo watu wamejenga nyumba juu ya graniti hiyo, maana mawe yote yaliyoifunika yamemomonyoka.

Lava, yaani magma iliyofika juu ya ardhi, hupoa kwa namna nyingine kabisa. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, lava iliingia mjini Goma na kufika Ziwa Kivu. Lava ikigusana na hewa, gamba lake huganda kwa dakika chache na mara nyingi huwa na kioo. Ndani, palipofunikwa, joto hukaa muda mrefu zaidi, na hapo hupatikana chembe ndogo ambazo nyingi huonekana kwa hadubini tu.

Yako pia mawe yaliyopoa kwa awamu mbili. Wapandaji wa Kilimanjaro huyakuta Kibo, kilele chake kikuu: jiwe la rangi nzito lililojaa fuwele za feldispari zenye umbo la uru kwenye karata. Fuwele hizo zilikua chini, bila haraka. Kisha magma ikapanda nazo hadi juu, na sehemu iliyokuwa bado majimaji ikaganda upesi kuzizunguka. Umbile hilo huitwa porfiri.

Obsidiani ya Naivasha nayo ilitokana na lava yenye kunata mno, ambamo atomu hutembea kwa shida. Kwa kuwa haina fuwele, ikigongwa hupasuka kwa mikunjo ya mviringo yenye makali. Watu wa kale waliifuata mbali: huko Olorgesailie nchini Kenya, takriban miaka 300,000 iliyopita, walitumia obsidiani iliyotoka zaidi ya kilomita 20.

Hata hivyo, fuwele kubwa si lazima zidai muda mrefu. Kwenye Milima ya Uluguru ilichimbwa mika ya vipande vipana kutoka kwenye pegmatiti. Mwamba wa aina hii kwa kawaida hutokana na masalio ya mwisho ya magma, yaliyojaa maji. Maji hupunguza kunata, atomu husafiri kwa wepesi, na fuwele chache hukua kupita kiasi.

Gesi pia huacha alama yake. Magma ikiwa chini, mgandamizo huizuia gesi, hasa mvuke wa maji. Ikipanda, viputo hufumka. Lava ikiganda navyo, jiwe hubaki na matundu. Matundu yakizidi hupatikana pumisi, jiwe jepesi linaloelea majini. Viputo vikiipasua magma yenyewe, majivu na vipande hurushwa angani, huanguka, hushikana na kuwa tufu. Mawe mengi ya kujengea nyumba za Nairobi ni tufu.

Hapa ndipo umbile linapogusa maisha ya watu. Takriban miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu na kumwaga pumisi eneo kubwa la Mbeya. Hakuna aliyeandika habari hizo. Tunazijua kwa sababu ya tabaka la mawe yenye matundu lililobaki ardhini. Mkulima wa Tukuyu analima chini ya mlima wenye historia hiyo. Anastahili kuelezwa tabaka hilo linasema nini, na mlima wake unastahili kufuatiliwa kwa vipimo mwaka hadi mwaka.