Mtihani unapovuruga sukari ya kijana mwenye kisukari

MAJUMA machache kabla ya mtihani wa KCSE, mzazi wa kijana anayeugua kisukari cha aina ya kwanza huenda akakumbana na jambo la kutatanisha. Mtoto anakula kama kawaida na kujidunga insulini alivyoelekezwa, ilhali kipimo cha alfajiri kinasoma milimoli 14 kwa lita badala ya 6 au 7. Swali la kwanza humtoka mzazi: “Umekula nini?”

Swali hilo, japo halina nia mbaya, huenda likamwonea mtoto. Mtu anapoingiwa na hofu, mwili hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli, nazo huliamuru ini limwage sukari katika damu. Asiye na maradhi haya hata hatambui, kwani kongosho lake hutoa insulini ya kuituliza. Kijana huyu hana kinga hiyo. Seli zake za kutengeneza insulini ziliharibiwa na mfumo wa kinga wa mwili wake mwenyewe, wala si kwa kupenda vitu vitamu. Sukari yake yaweza kupanda kwa wasiwasi mtupu.

Yapo pia ya kinyume. Anayekesha akisoma na kuondoka asubuhi bila kiamshakinywa, huku insulini ikifanya kazi mwilini, sukari yake huweza kushuka chini ya milimoli 4. Ubongo hutegemea sukari. Ikipungua, mikono hutetemeka, jasho humtoka na aliyoyasoma humponyoka. Dalili hizi hufanana mno na woga wa mtihani, na ndiyo sababu haifai kukisia. Apime. Ikiwa imeshuka, anywe vijiko vitatu vidogo vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida, kisha apime tena baada ya dakika 15. Chokoleti haifai kwa dharura hii kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia katika damu.

Hatari kubwa zaidi hufanyika kwa siri. Baadhi ya vijana, kwa kuhofia kuzirai mbele ya wenzao, huruka sindano siku ya mtihani. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Januari 1922 mjini Toronto, Kanada, alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Kabla ya hapo maradhi haya yalikuwa hukumu ya kifo. Hata leo, mwili ukikosa insulini huanza kuyeyusha mafuta na damu hujaa asidi. Kijana akitapika, akiumwa na tumbo, akipumua kwa kasi au pumzi yake ikinuka kama matunda, apelekwe hospitalini mara moja, mtihani uwepo usiwepo.

Katika shule za bweni, mzazi hawezi kuyasimamia haya kwa simu. Yampasa azungumze mapema na mwalimu mkuu, muuguzi wa shule na matroni, akiwa na barua ya daktari. Wajue insulini inahifadhiwa wapi, na kwamba kijana huyu hangoji kengele ya chakula sukari inaposhuka. Shule nayo imjulishe msimamizi wa mtihani kabla ya karatasi ya kwanza, ili kipimio, glukosi, maji na ruhusa ya kwenda msalani visizue ubishi ukumbini. Anayetumia kifaa cha kubandika mkononi kinachosomwa kwa simu atafutiwe njia nyingine, maana simu haziruhusiwi katika chumba cha mtihani. Karatasi ya kwanza ya Hisabati pekee huchukua saa mbili na nusu; ni busara kupima nusu saa kabla ya kuingia.

Nyumbani, lugha ibadilike. Badala ya kuhoji alichokula, mzazi aweza kuuliza, “Leo mwili unasemaje?” Kijana asiyeogopa kukaripiwa haandiki vipimo vya uongo daftarini.

Mtihani wa majaribio ndio wakati bora wa kujifunza. Kijana aandike vipimo vyake asubuhi, kabla ya kila karatasi na baada yake, pamoja na alichokula na saa alizolala. Daftari hilo lifike kliniki angali na muda, kwa kuwa daktari ndiye wa kuamua iwapo kiasi cha insulini kibadilishwe.