Maji Ndani ya Mtumbwi



Dagaa na migebuka wanaouzwa katika soko la Mpanda hutoka Ziwa Tanganyika, katika vijiji kama Karema na Ikola. Labda wewe si mvuvi. Lakini siku moja utapanda mtumbwi, wewe au mtoto wako. Kwa hiyo soma habari hii.

Kila mtumbwi wa mbao huingiza maji. Hata mpya huingiza. Maji mengine hupenya katika maungo ya mbao. Mengine hurushwa na mawimbi. Mengine huchuruzika kutoka katika nyavu. Kuona maji ndani ya mtumbwi si jambo la kushangaza. Jambo la hatari ni pale maji hayo yanaposhindwa kufika mahali pa kuyachotea.

Tuangalie mtumbwi ulivyojengwa. Chini kabisa, katikati, kuna ubao mnene utokao mbele hadi nyuma. Huo huitwa mkuku. Juu ya mkuku kuna mbao zilizopinda kama mbavu za ng'ombe. Hizo huitwa mataruma. Sasa fikiri kidogo. Kila taruma ni kama tuta shambani: huzuia maji. Ndiyo maana fundi mzuri hutoboa tundu chini ya kila taruma, karibu na mkuku. Maji hupita tundu hadi tundu mpaka nyuma. Huko mtu hukaa na kopo, au kipande cha dumu kilichokatwa, akayachota na kuyamwaga nje.

Matundu hayo ni madogo, na uchafu ni mwingi. Kuna magamba ya samaki, mchanga wa miguuni, vipande vya nyuzi za nyavu na mafuta ya injini. Mafuta hushika mchanga, nao mchanga hushika magamba. Baada ya siku chache tundu limeziba.

Niliwahi kusafiri kutoka Ikola kwenda Karema katika mtumbwi wa namna hiyo. Kijana aliyechota maji alikuwa hodari, na nyuma palikuwa karibu pakavu. Mbele, chini ya magunia, maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Hakuna aliyejua, mpaka mama mmoja alipopiga kelele kwamba unga wake umelowa. Sisi abiria tulicheka. Mwenye mtumbwi hakucheka. Aligeuza mtumbwi mara moja kuelekea ufukoni.

Kwa nini hakucheka? Hebu tufanye hesabu. Debe moja la maji ni lita 20, na uzito wake ni kilo 20. Madebe 10 ni kilo 200, sawa na magunia mawili ya mahindi ya kilo 100. Tena gunia hutulia mahali lilipowekwa, lakini maji hayatulii. Chukua sinia, tia maji kidogo, kisha ulibebe kwa mkono mmoja. Likiinama kidogo tu, maji yote hukimbilia upande ule na kulizidisha kuinama. Mtumbwi nao hupinduka vivyo hivyo. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani. Na katikati ya ziwa hakuna pa kukanyaga, maana kina chake hufika mita 1,470.

Sasa tuzibue. Toa mzigo wote, kisha ondoa mbao za kukanyagia. Zoa uchafu kwa mikono kwanza, usije ukausukumia ndani ya matundu. Anza na tundu la nyuma, kisha endelea kuelekea mbele, ili maji machafu yapate njia ya kutokea. Tumia kijiti laini. Usitumie chuma chenye ncha kali, maana kitachomoa pamba iliyoziba maungo ya mbao, nawe utakuwa umefungua mlango mwingine wa maji. Penye mafuta, osha kwa maji ya moto na sabuni.

Kisha pima kazi yako. Mwaga debe la maji mbele, na mwenzako angoje nyuma. Lakini usipime mtumbwi ukiwa umevutwa mchangani na mbele kumeinuka. Hapo maji yatateremka hata kama tundu limeziba nusu. Uwe unaelea. Maji yakikwama kwenye taruma fulani, rudia tundu lile. Usilipanue bila fundi, kwani taruma likikatwa sana huvunjika.

Mabaharia wa nchi nyingi wana njia nyepesi. Hupitisha kamba nyembamba yenye mafundo, au mnyororo mdogo, katika matundu yote, na kuiacha humo. Kila siku huivuta mbele na nyuma mara chache, na uchafu haupati nafasi ya kuganda. Kamba iwe nyembamba kuliko tundu, isije yenyewe ikawa kizibo.

Mbao za kukanyagia zisipigiliwe misumari. Siku ya mawimbi utataka kuzinyanyua upesi, na nyundo utakuwa umeiacha nyumbani.