Udaktari na uzamivu wa insia: mtoto wa Mamba atalipa nini, na apite njia ipi?

Yupo kijana wa Mamba, huku Mpimbwe mkoani Katavi, aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), alama zinamfikisha Muhimbili, lakini nusu ya moyo wake iko kwenye historia ya Wapimbwe anayosimuliwa na bibi. Kila anayemkuta humuuliza atachagua lipi. Makala hii ni ya kijana asiyetaka kuchagua, na ya mzazi atakayeombwa hela. Inawezekana kabisa mtu akawa daktari wa wagonjwa na hapohapo akawa na shahada ya uzamivu katika historia, falsafa, fasihi au anthropolojia. Njia za kufika huko zinatofautiana sana kwa bei, na bei kubwa kuliko zote ni miaka.

Katavi ina mfano wake, tena wa zamani. Ukifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, utasikia habari za Adrien Atiman. Alitiwa utumwani angali mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Aljeria, kisha mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, akampeleka Malta na vijana wengine wa Kiafrika wakasomee utabibu. Lavigerie alitaka watu wa kazi mbili: tabibu ambaye pia ni katekista. Atiman alimaliza mafunzo 1888, mwaka uliofuata akawa Karema, akatibu na kufundisha dini palepale mpaka alipofariki 1956. Masomo yake yalilipiwa na misheni. Yeye alilipa kwa utumishi wa miaka 67 mahali pamoja. Nikipima njia za leo humkumbuka, kwa sababu maswali hayajabadilika: nani analipa, atadai nini baadaye, na elimu ile ya pili itamfaa mgonjwa yupi?

Njia yenye jina kubwa ni ya Marekani, ambako baadhi ya vyuo huunganisha shahada hizo mbili. Paul Farmer alitoka Harvard 1990 akiwa na udaktari wa tiba na uzamivu wa anthropolojia. Mwenzake Jim Yong Kim alipata udaktari 1991 na uzamivu wa fani hiyohiyo 1993, na baadaye akawa rais wa Benki ya Dunia. Farmer alitafiti UKIMWI katika kijiji cha Haiti: jinsi ugonjwa ulivyopita katika njia za umaskini, na jinsi watu walivyoeleza kifo kwa kumtuhumu jirani uchawi. Mtu wa Mpimbwe akisoma hayo ataitambua hali hiyo mara moja. Ndiyo maana naiheshimu elimu hii ya pili. Vipimo vinamwambia daktari mgonjwa ana nini, lakini havimwambii kwa nini alikwenda kwanza kwa mganga na kufika zahanati siku ya kumi.

Sasa tuhesabu. Marekani mtu haingii udaktari akitoka sekondari, hutangulia shahada ya kwanza ya miaka 4. Kozi ya pamoja ya udaktari na uzamivu huchukua kama miaka 8, na baada yake kuna mafunzo ya hospitalini yasiyopungua miaka 3. Hiyo ni miaka 15, na kijana aliyeanza na miaka 20 atakuwa na 35. Kuhusu fedha, tangu 1964 serikali ya huko hufadhili mipango ya namna hii, lakini fedha hizo ni za raia na wakazi wa kudumu. Mgeni hutegemea mfuko wa chuo chenyewe, na vyuo vingi vya udaktari huko havipokei wageni. Nafasi zenyewe nyingi ni za wanaofanya uzamivu wa maabara, za insia ni chache. Kwa hiyo kama hakuna barua ya ufadhili kamili mkononi, mzazi asiuze ng'ombe wala shamba la mpunga kwa ajili ya njia hii.

Uingereza wana utaratibu mdogo zaidi. Mwanafunzi wa udaktari husimama mwaka mmoja katikati ya kozi, akasoma historia ya tiba au falsafa, kisha akarudi wodini. Ni utaratibu mzuri, lakini hauzai uzamivu, na ada ya mgeni huko ni mzigo mzito.

Hapa nyumbani njia iliyo wazi ni kusoma kimoja, kisha kingine. Udaktari ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa utarajali wenye posho. Ada ya udaktari Muhimbili kwa Mtanzania imekuwa shilingi 1,800,000 kwa mwaka, yaani 9,000,000 kwa kozi nzima. Vyuo vya binafsi na vya madhehebu hutoza zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo tofauti ya kupata au kukosa nafasi chuo cha umma inaweza kuwa milioni kumi na kitu. Kabla ya kuchagua, fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka huohuo usome ada za kila chuo, kwa sababu hubadilika.

Wengi wetu tutapita mlango wa Bodi ya Mikopo. Tangu 2022 fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na hiyo pia ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Tuseme mshahara ni 1,000,000: makato ni 150,000, na ada peke yake, zile milioni 9, inakula miezi 60. Weka juu yake chakula na malazi ya miaka 5, deni linapita maradufu. Afueni ni kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani na adhabu ya asilimia 10 zilifutwa 2021, kwa hiyo deni halivimbi tena kama zamani. Aliyefaulu sana masomo ya sayansi aangalie Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23. Ile ni ruzuku, hairudishwi.

Elimu ya pili ndiyo yenye mtego. Shahada ya udaktari, pamoja na miaka yake 5, huhesabiwa kuwa shahada ya kwanza. Mlangoni mwa uzamivu utaulizwa uzamili, na idara nyingi za insia hutaka uwe na msingi wa somo lenyewe. Daraja ninaloliona jepesi ni uzamili wa maadili ya tiba pale Muhimbili, kwa sababu unampokea mtu wa afya na kumzoesha kusoma na kuandika kama watu wa falsafa. Kutoka hapo unaweza kubisha hodi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ndaki ya Insia au Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ambako tasnifu huandikwa kwa Kiswahili. Inasikitisha kwamba daraja hilo linahitajika. Kuanzia 1968 shule ya udaktari ya Muhimbili ilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya paa moja na wanahistoria. Tangu 2007 ni chuo kikuu kinachojitegemea, na mwanafunzi anayetaka vyote viwili analazimika kujijengea njia mwenyewe.

Ukijumlisha miaka 5, 1, 2 ya uzamili na 3 au 4 ya uzamivu, unapata 11 au 12 kama hukusimama popote. Lakini usisahau unachokiacha. Miaka 3 ya uzamili wa tiba ingekufanya daktari bingwa, na ubingwa hupandisha mshahara. Uzamivu wa historia haukupandishi cheo wodini. Unakufaa zaidi ukilenga kufundisha chuoni au kutafiti. Na ukiwa chuoni usiache leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika ilale, kwa sababu kuirudisha ni kazi.

Jirani zetu Rwanda wana jambo la kutazamwa. Chuo kikuu alichokiasisi Farmer na wenzake, chenye kampasi Butaro, kilianza 2019 kufundisha udaktari pamoja na uzamili wa utoaji wa huduma za afya, kwa miaka 6 na nusu. Mwanafunzi wa Rwanda husomeshwa, naye huahidi kutumikia. Ni mkataba unaofanana na ule wa Atiman, isipokuwa huu una mwisho. Farmer mwenyewe alifia Butaro, Februari 2022. Tanzania tungeweza kuandika mkataba kama huo kwa ajili ya mikoa ya pembezoni, na Katavi ingekuwa ya kwanza kufaidika.

Ipo pia njia ambayo wazazi huidharau bila sababu. Profesa Aldin Mutembei hakupita wodini. Ni mtu wa fasihi ya Kiswahili, na 2001 alipata uzamivu wake Leiden, Uholanzi, kwa utafiti wa ushairi wa Wahaya na UKIMWI: jinsi watu walivyoutaja ugonjwa na jinsi maneno hayo yalivyobadilika mwaka hadi mwaka. Elimu hiyo inawafaa madaktari. Shahada ya kwanza ya sanaa Mlimani imekuwa shilingi 1,000,000 kwa mwaka kwa miaka 3, na uzamivu unaweza kufikiwa miaka kama mitatu kabla ya yule wa udaktari.

Uamuzi wangu ni huu. Ukipenda kumgusa mgonjwa, anza na udaktari chuo cha umma, maliza utarajali, fanya kazi, ndipo uanze masomo ya pili kwa ruhusa ya mwajiri, bila kuacha mshahara ikiwezekana. Utafiti wako uufanyie Mpimbwe, ambako una ndugu wa kukulaza na wazee wa kukusimulia. Kama unachokipenda hasa ni maneno na historia ya watu, pita njia ya Mutembei wala usione haya. Marekani nenda ukiitwa na kulipiwa. Na njia yoyote utakayochukua kwa mkopo, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kabla ya kuomba. Mzazi uliye Mamba, shughulikia cheti hicho mtoto angali kidato cha tano.